Sabuni ya Kuunga

Kitendawili. Nakusikia umeshasema tega, basi natega: huzaliwa mnene, kila akimhudumia mtu hukonda, na siku ya kufa haachi hata mfupa. Kama hujui, usinipe mji bado. Kaa na hadithi, jibu litakuja lenyewe.

Kila mtu ana kitu kimoja ambacho mkono wake haufunguki. Utamwona huyu anabadilisha simu kama anavyobadilisha shati, lakini mswaki wake umekwisha meno. Yule hulisha mtaa mzima siku ya harusi, na kiberiti anaazima kwa jirani. Fundi magari wa hadithi hii alikuwa hivyo hivyo. Viatu vyake vya kutokea viling'aa hadi ungejitazama, manukato yake yalifika mlangoni kabla yake, na rafiki akifiwa yeye ndiye wa kwanza kutoa. Ila gereji kwake hapakuwa na sabuni.

"Sabuni ya nini?" aliwaambia mafundi wenzake. "Mikono yenyewe itachafuka tena sasa hivi."

Wakawa wananawa kwa mafuta ya taa na vumbi la mbao, wakienda kula wananuka kama vibatari.

Siku moja mchana mkahawa wa jirani ulifurika. Watu wanasukumana na sahani, viti vinakwaruza sakafu, mhudumu anaita namba hadi sauti inakauka. Fundi alipofika kwenye sinki alibonyeza chupa ya sabuni ya maji. Ikakohoa povu moja, ikanyamaza. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko.

"Kaka, hiyo mikono unataka kuila au kula nayo?"

Aligeuka. Alikuwa mwanamke wa gauni la zambarau lililomkaa kama limeshonewa pale pale, nywele zimesukwa nyembamba mpaka kiunoni, na viatu virefu ambavyo Fundi alishaviona kwenye dirisha la duka akapita upande wa pili wa barabara. Mwanamke alifungua mkoba wa ngozi, akatoa kikasha cha bati. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, chenye mistari ya rangi rangi kama jiwe la mtoni. Akakizungushia uzi, akavuta. Kikakatika vipande viwili bila hata chembe kudondoka.

"Dada mzuri hivi," Fundi alisema, "mkoba wa ngozi, ndani sabuni ya kufulia?"

"Unanawa au unafanya ukaguzi?"

Akanawa. Grisi ikatoka, akaiona rangi ya ngozi yake mwenyewe ambayo alikuwa ameisahau.

"Nikurudishie?"

"Kaa nacho. Ila kikikaribia kwisha usikiache kife. Kibandike kwenye kipya, vyote viwili vikiwa na maji. Vitashikana."

"Unaongea kama ni kiumbe."

"Wewe fanya hivyo tu."

Fundi alikiweka kwenye kopo pale gereji, na agizo lile alilifuata barabara, si kwa ajili ya mapenzi, bali kwa sababu kuunga kulimpunguzia kununua. Mafundi wenzake waliona ajabu bosi wao kanunua sabuni, wakasema mzee karogwa. Baada ya wiki hakuna aliyelizungumzia tena kopo.

Mwanamke yule alikuwa msusi, mwenye saluni yake mwenyewe barabara ya pili kutoka gereji. Namba za simu zilipeanwa siku ile ile. Basi ikawa kila saa nne asubuhi simu inalia chini ya gari.

"Uko wapi, Grisi?"

"Nimelala chini ya lori, manukato yangu. Lori linanikandamiza, hata huruma huna."

"Mwambie lori nina wivu."

Mwaka ukapita hivyo, na nusu yake. Msusi alikuwa mtu wa mkono wazi. Teksi alipanda hata mahali pa kutembea kwa mguu, wasaidizi wake wawili aliwavisha, akamnunulia Fundi saa ya mkononi bila sababu. Lakini bafuni kwake, miezi nenda miezi rudi, ni kile kile kipande cha sabuni ya mche, kimeungwa juu ya kingine, juu ya kingine. Fundi alimtania.

"Sabuni gani hii isiyokwisha?"

"Ya mvumilivu," alijibu, akageuza uso kutafuta taulo. Fundi hakuuliza zaidi. Aliona ni ubahili mdogo wa kike, kama wake wa kiume.

Ikafika Jumamosi ya shangazi. Huyu shangazi ndiye aliyemlea Fundi tangu akiwa wa miaka sita, baada ya wazazi wake kufariki, na sasa alikuwa anakuja kumwona mchumba kwa mara ya kwanza. Msusi alipika tangu alfajiri. Alivaa gauni jeupe la lasi. Fundi alifika mapema kutengeneza bomba la bafuni lililokuwa likivuja, na mkononi alikuwa na kisanduku cha sabuni sita za manukato, kila moja imefungwa karatasi ya dhahabu.

Alipomaliza bomba aliitazama ile sabuni ya kuunga pembeni ya sinki, imekaa na makovu yake. Akasikia sauti ya shangazi sebuleni, anaingia, anavua viatu. Joto likampanda shingoni. Aliichukua sabuni kwa vidole viwili, akaitia kwenye mfuko wa taka, akaufunga mfuko, akautoa nje ya geti kwenye taka nyingine. Kisha akapanga zile za dhahabu.

Chakula kilikwenda vizuri. Shangazi alicheka, Msusi alicheka. Baadaye Msusi aliingia bafuni kunawa. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sabuni yangu iko wapi?"

"Nimekuletea mpya, mpenzi. Ile nimeitoa na taka."

Wakati huo huo lori la taka lilikuwa linanguruma mtaani. Msusi alitoka mbio, peku, na gauni lake la lasi, amelishika kwa mkono mmoja. Majirani walimwona akilifuata lori hadi kwenye kona, anapunga mkono, lori halijui. Alirudi akihema, nyayo zimejaa matope. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

Msusi alimtazama Fundi.

"Kile kipande kilikukosea nini?"

Fundi alimtupia jicho shangazi yake. Kisha akacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kujificha. "Jamani, kipande cha sabuni tu."

Msusi hakupiga kelele. Alimshika shangazi mkono, akamwomba radhi, akamshukuru kwa kuja. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango.

Ndani ya teksi, kwenye taa za pili za barabarani, shangazi alimgeukia Fundi.

"Baba," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita tangu akiwa mdogo, "hata mimi kwangu naunga sabuni. Umesahau?"

"Sijasahau, shangazi."

"Basi miaka yote ile nilidhani nakuogesha. Kumbe nilikuwa nakutia haya."

Fundi aligeukia dirisha.

Alimpigia Msusi simu mara nyingi, haikupokelewa. Siku ya tatu Msusi alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimtisha kuliko matusi.

"Nisikilize, usinikatize. Mama yangu alikuwa mfua nguo. Alifulia nyumba saba. Usiku akikunja mkono ulikuwa unalia, ngozi imepasuka. Nilikuwa na miaka kumi na saba siku alipoanguka kwenye beseni. Tulipotoka kumzika nilirudi uani nikakuta nguo za watu bado zimelowekwa, na sabuni pembeni. Imebaki kama ukucha. Ina alama ya kidole chake gumba. Niliogopa kuitumia, itaisha. Niliogopa kuiacha, itakauka ipasuke. Basi nikaiunga kwenye mpya, nikamalizia zile nguo. Miaka kumi na miwili, haijawahi kwisha. Vingine vyote nanunua, vinakuja vinakwenda. Ile, hapana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini wewe hukuuliza? Mimi nilikuuliza, tena mbele ya mzazi wako. Hukunijibu."

Fundi alisikia vikaushio vya nywele vikivuma kwa mbali upande wa pili. Simu ikakatika.

Mchana ule alishusha injini peke yake. Mafundi walimkwepa. Muda wa kula ulipofika alikwenda bombani, akatia mkono kwenye kopo, akasugua. Povu likatoka jeusi, kisha kijivu. Akasugua tena, anawaza yake. Ndipo alipotazama alichokishika. Chini ya uchafu wa grisi, ubavuni, palikuwa na mstari. Chini yake mstari mwingine.

Akakaa juu ya tairi.

Saluni ilikuwa imejaa alipoingia na ovaroli lake, kopo kalikumbatia kifuani. Wateja waligeuka na vichwa vyao nusu vimesukwa. Msaidizi mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Huyo ndiye wa lori la taka." Msusi aliendelea kusuka.

"Gereji ni kule, Fundi. Hapa hatutengenezi magari."

"Nimeleta kitu chako."

Aliliweka kopo juu ya beseni la kuoshea nywele. Msusi alitazama lile donge jeusi. Alifungua bomba. Akaanza kulisugua taratibu kwa vidole gumba viwili, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Maji meusi yalishuka. Mistari ikajitokeza mmoja mmoja.

"Kile cha mkahawani," alisema.

"Sikukiacha kife. Nitakwambia kweli, ilikuwa ni ubahili tu. Lakini sikukiacha."

Mteja kitini alijipangusa macho na ncha ya taulo. Msusi alifunga bomba. Akafungua mkoba, akatoa kikasha cha bati alichobebea sabuni yake kila alipotoka, kitupu tangu Jumamosi, na ule uzi. Aliizungushia sabuni uzi katikati, akashika ncha mbili.

"Nikivuta," alisema, "nusu inabaki kwangu, nusu unarudi nayo gereji. Kila mtu na yake, na shangazi yako utamwambia utakavyomwambia. Swali langu liko pale pale. Kilikukosea nini?"

Fundi aliitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa ameingia mle bila kumaliza kuinawa.

"Hakikunikosea kitu. Nilikijua. Shangazi alikuwa ananiogesha na vipande hivyo hivyo, na shuleni wenzangu hawakutaka kukaa na mimi, wanasema nanuka sabuni ya kufulia. Nikajiapiza nikiwa mkubwa nitanukia, na hakuna atakayejua nilikotoka. Siku ile nilipomsikia shangazi anaingia nikatazama pale kwenye sinki, nikajiona mimi mwenyewe nimekaa pale. Nilitaka aone nimevuka." Uzi mikononi mwa Msusi ulikuwa umelegea, Fundi hakuuona. "Nilikionea haya, mpenzi. Nilimwonea haya na yeye aliyenilea. Hilo ndilo jibu, sina jingine."