Katuni Niliyomwekea Raya

Maneno yalianzia bombani. Mama Brenda, jirani yangu hapa Mafiga, alisema kuna mchezo wa simu unaoita watoto mlimani. Mtoto akifika hatua ya mwisho, simu inamwamuru apande mlima Uluguru peke yake, asimuage mtu.

"Na hawarudi," akamalizia. Akajitwisha ndoo yake akaenda zake.

Mimi nikabaki na maneno hayo. Kazi yangu ni kuuza mboga zilizokatwa. Kila jioni nakaa kibarazani, nashika fungu la chainizi au majani ya maboga mkononi na kuyakata majani membamba kwa kisu, maana wateja wa hapa hawapendi kwenda kukata wenyewe. Siku hizo nilikata huku nikiutazama mlima. Wingu likiufunika, naacha kukata mpaka liondoke.

Mwanangu Raya ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Akitoka shule alikuwa ananishikia mafungu, na tukimaliza anacheza kwenye simu yangu mchezo wa kupanga matunda. Siku ile nikamnyang'anya.

"Mama, ni matunda tu!"

"Hata kama ni matunda. Yanaanza matunda, yanaishia mlimani."

Raya akacheka. Mimi sikucheka.

Ili atulie ndani, nikaenda kwa Luqmani, kijana anayewawekea watu filamu kwenye flashi. Nikamwomba katuni.

"Ya mtoto wa miaka mingapi, mama?"

"Katuni nayo ina miaka? Niwekee hiyo yenye jalada la mama anapika na watoto wake."

"Hiyo imeandikwa kumi na sita, mama'angu."

"Luqmani, nimefuata katuni, sijafuata hesabu."

Akacheka, akaiweka. Nikarudi nyumbani nikijiona mjanja. Nikachomeka flashi kwenye televisheni, nikamkalisha Raya mkekani, nikaurudishia mlango na kwenda kwa wateja wangu. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilikata mboga bila kuutazama mlima.

Kesho yake mwanangu hakuwa yule ninayemjua. Nikimwita anishikie fungu, anasimama mbali. "Liweke chini, mama, nitaliokota." Chakula anakula karibu na mlango, viatu viko miguuni. Nilipomsogelea nimsuke, alishtuka mpaka kitana kikaruka.

Nikajua tayari, ule mchezo umeshamkamata.

"Nani amekupa simu?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Raya! Umefika hatua ya ngapi?"

"Hatua ya nini, mama?"

Nikamwita mwongo. Mtoto wangu ambaye hajawahi kuniibia hata sukari, nikamwita mwongo. Akatazama chini, wala hakulia. Kutolia kwake ndiko kulikonitisha zaidi.

Alhamisi hakurudi kutoka shule. Watoto wenzake walipita mmoja mmoja na mabegi yao, wa kwangu hayumo. Nikaangalia mlima, nikaacha mboga kibarazani na wateja wawili wamesimama, nikaanza kukimbia. Sikujua hata naanzia wapi. Njiani nikakutana na Zainabu, anayekaa naye dawati moja.

"Shikamoo mama. Raya yuko darasani na mwalimu. Amekataa kurudi nyumbani."

Sikumbuki kama niliitikia marahaba. Nilifika shuleni nikihema, nikausukuma mlango wa darasa. Raya aliponiona alipiga ukelele, akakimbilia nyuma ya mwalimu wake na kumshika sketi.

Mwalimu Anastasia hakupaza sauti. "Mama Raya," alisema, "kisu. Kiweke nje kwanza."

Nikautazama mkono wangu. Nilikuwa nimekimbia nacho kutoka kibarazani mpaka pale, kimejaa majani ya maboga. Nikatoka, nikakiweka chini ya dirisha. Nikarudi ndani. Nikakaa sakafuni.

"Raya, mwambie mama ulichoniambia mimi," mwalimu akasema.

Akaishika sketi kwa mikono miwili. Halafu akasema, huku uso bado umejificha, "Kwenye katuni, yule mama alikuwa mzuri. Anaimba, anakata mboga mkononi, hivyo hivyo kama wewe. Kumbe anasubiri. Akawageukia watoto wake na kile kisu. Wote, mama. Hata yule mdogo."

Nikashika kichwa. Siku nne mwanangu alikuwa ananiogopa mimi, na filamu yenyewe nilimwekea kwa mkono wangu.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ulisema ni ya watoto. Nikajua wenzangu wanaangalia hawaogopi, ni mimi tu mwoga."

Mwalimu Anastasia akaniuliza filamu ilitoka wapi na iliandikwa nini. Nikamweleza yote, hata ile jeuri yangu kwa Luqmani. Hakunicheka.

"Kuchorwa si kwamba ni ya watoto," alisema. "Kuna katuni zimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Ndiyo maana wanaweka namba. Ile kumi na sita inasema aliye chini ya miaka hiyo asiangalie, kwa sababu ndani kuna mauaji, au matusi, au mambo ya wakubwa. Michezo ya kompyuta na simu nayo ina namba zake. Wapo wanafunzi wanaoniambia, mwalimu, mimi nina akili, naweza ya kumi na nane. Wanadhani ni kipimo cha ugumu. Namba hiyo haipimi akili. Inaonya kwamba kilichomo ni kizito kwa umri wako."

"Na ule mchezo wa simu unaopeleka watoto mlimani je?"

"Huyo mtoto aliyepanda mlima anaitwa nani?"

"Sijui."

"Aliyekusimulia anamjua?"

Nikatikisa kichwa. Tulikuwa tumebebeshana woga mtaa mzima, wala hakuna aliyemjua mtoto hata mmoja.

Nikamwambia Raya mbele ya mwalimu wake, "Nisamehe, mama. Hukuwa mwongo. Mimi ndiye niliyeipuuza ile namba." Hakunikimbilia, sitawadanganya. Lakini aliiachia sketi ya mwalimu, akaja kukaa karibu yangu. Tulirudi nyumbani pamoja. Kisu nilikifunga kwenye khanga.

Siku mbili nilikata mboga uani peke yangu. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, akasimama, akaangalia. Kisha akachukua fungu la chainizi akanishikia.

"Mama, leo unakata manene. Wateja watakusema."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosolewa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tulimpelekea Luqmani flashi aifute filamu ile. Aliomba radhi, akasema siku nyingine atakataa hata mteja akimfokea. Raya alichagua nyingine, akalisoma jalada lake mbele na nyuma kabla hajanipa. "Hii inaruhusiwa kwa watoto," alisema, na safari hii nilikaa nikaangalia naye mpaka mwisho.

Nyinyi watoto mnaosoma haya, mimi niliishia darasa la saba, lakini hili nimelielewa vizuri. Namba ile huandikwa ndogo, na anayeipuuza hujua thamani yake akiwa amechelewa. Nimewaandikia ya kuepuka:

Usianze filamu wala mchezo kabla hujatafuta namba ya umri. Usipoiona, muulize mtu mzima.

Usidhani kila kilichochorwa ni cha watoto.

Usikae kuchungulia kaka au dada anapocheza mchezo wa kumi na nane. Kuchungulia ni kuangalia.

Usimwekee mdogo wako unachoangalia wewe. Yeye ana umri wake.

Usijisifu kwamba huogopi.

Usisambaze habari ya mtoto ambaye hakuna anayemjua jina.

Na ukiona kitu kikakutisha, usikae nacho siku nne. Sema siku hiyo hiyo.