Aliyesimama Juu ya Rundo la Mchanga

Ijumaa hiyo jua lilikuwa linakaribia kuzama Bonareri aliporusha droni yake mara ya mwisho. Kazi aliijua vizuri. Alikuwa anapima rundo la mchanga kwenye kinu kimoja cha dhahabu huko Nyatike, mchanga uliokwisha kusagwa, ambao Jumatatu malori yangeanza kuubeba kwenda kuoshwa upya. Droni hupita juu ikipiga picha, kompyuta inaziunganisha, nawe unajua rundo lina ukubwa gani. Kilichomharakisha ni Sabato. Yeye ni Msabato wa Kisii, na kwao jua likizama, kazi inawekwa chini. Ingawa tusidanganyane, chumbani kwake Migori mjini hakukuwa na mtu wa kuipokea Sabato naye. Miaka mitatu amepanga pale, na jirani wa mlango wa pili bado alimwita "yule wa ndege".

Akatazama kioo cha rimoti.

Juu kabisa ya rundo alisimama mwanamume. Gambuti, fulana iliyopauka, uso ameuinua akiitazama droni.

Bonareri akainua macho. Jua lilimpiga usoni, hakuona mtu. Lakini mchanga ule ulijulikana kwa kuporomoka, naye hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake hatarini.

"Kaka! Shuka hapo! Kazi imeisha, twende nyumbani!"

Kisha mchanga... shaa... shaa... ukateleza polepole, kama chini ya miguu ya mtu anayeshuka. Harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa, ikamjia puani. Akangoja. Hakutokea mtu.

Droni ilipotua, Gisiri, askari wa lango, alikuja mbio.

"Madam, unaongea na nani? Watu wote walitoka saa kumi."

"Kuna mtu huko juu. Nimemwambia ashuke twende nyumbani."

Gisiri akamkodolea macho. "Umemwambia... twende nyumbani?" Akashusha sauti. "Mwezi wa nne hilo rundo lilifunika kijana wa Suba, anaitwa Fanuel. Tulichimba siku tisa, hatukumpata. Kwao Kisegi wakazika yago badala yake."

Bonareri alishawahi kusikia habari za yago, lile tunda refu ambalo Wajaluo huzika mwili usipopatikana.

"Lakini yago peke yake haitoshi," Gisiri alinong'ona. "Mama yake lazima afike hapa amwite, amwambie twende nyumbani. Ndio atafuata. Wiki tatu ofisi imemkatalia. Leo wakubwa hawako, nimemwambia akuje. Jumatatu hata huu mchanga hautakuwa."

Priscah, mama yake Fanuel, aliingia dakika chache baadaye, ameshika tawi bichi la mti. Hakumsalimia mtu. Alikwenda hadi chini ya rundo, akaliinua tawi.

"Fanuel, wuoda, wadhi dala. Mwanangu, twende nyumbani."

Aliita mara tatu. Kila mara alitega sikio. Majani hayakutikisika. Mwishowe mikono yake ilishuka, na Bonareri akamwonea huruma.

"Hayuko," mama alisema. "Hapa ni mchanga tu. Nani amemwita kabla yangu?"

Gisiri alitazama viatu vyake. Hapo ndipo Bonareri alipopaswa kusema. Alijiambia hayo ni mambo ya ushirikina. Uongo! Aliogopa, basi. Akafunga droni kwenye sanduku lake, akaondoka.

Saa moja na nusu alikuwa chumbani. Sabato ilishaingia, lakini aliifungua kompyuta. Katika picha za kwanza Fanuel alisimama kileleni, haondoki. Kuanzia ile ya tisini, alikuwa ameipa droni kisogo. Iliyofuata, yuko chini kidogo. Iliyofuata, chini zaidi.

Ya mwisho droni iliipiga karibu na kutua. Bonareri alikuwa ndani yake, ameinamia rimoti.

Hatua moja nyuma yake, gambuti mbili.

Kitanda kikalia nyuma yake.

Harufu ile ya udongo ikajaa chumbani. Mtu akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Pole na kazi," sauti ikanong'ona.

Alitaka kupiga mayowe. Yakakataa kutoka. Kilichomtoka ni machozi, kwa sababu katika miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo mlangoni mwake.

Simu ikaita.

"Nyathina, mwanangu, ni mama Fanuel. Namba nimepewa na askari." Alikuwa amelia, ilisikika. "Ameniambia yote. Kama mtoto alikufuata, si makosa yako, hukujua. Mlete tu Kisegi kesho, ufike kwa lango useme tumefika. Atabaki na mimi. Sina mwingine. Ako hapo?"

Bonareri akageuka polepole. Godoro lilikuwa limebonyea mahali pa mtu mmoja. Chini yake, sakafuni, mchanga mwembamba ulikuwa ukidondoka... ukidondoka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," wahenga walisema, na hawakuuliza mgeni ni wa nani.

"Hapana, mama," alijibu. "Hapa niko peke yangu."

Akakata simu. Kisha akaenda akafunga mlango kwa ndani, upesi, Fanuel asije akakumbuka njia ya kwao.