Kuku Mweupe wa Emérita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Emérita alifungua banda la kuku nyuma ya jiko lao. Kuku walitoka mbio wakigombania mahindi yaliyopondwa, naye aliwatazama mmoja mmoja aone nani anakula vizuri na nani anajikunja. Nyumba yao ilikuwa kwenye kilima karibu na Kitshanga, katikati ya mashamba ya maharage na mihogo.

Katika kazi hiyo alikuwa na msaidizi. Binamu yake Aurélie, aliyekuwa akisoma Goma, aliweka programu ya akili mnemba kwenye simu ya Mama Rosalie, mama yake Emérita. Ukiiandikia swali kwa Kiswahili, ilikujibu kwa maandishi. Emérita aliiuliza namna ya kuinua banda lisiingie maji, na namna ya kuchanganya chakula cha vifaranga. Alifuata ushauri kwa bidii, na vifaranga hawakufa ovyo kama zamani. Majirani wakaanza kumwita "daktari wa kuku", na jina hilo lilimpendeza sana.

Siku moja shangazi yake alimletea kuku mweupe kutoka soko la Kitshanga.

"Huyu usimuchanganye na wengine," Mama Rosalie alimwambia. "Umuweke peke yake chini ya kitunga mpaka tuone kama iko muzima."

"Sawa, Mama."

Siku za mwanzo Emérita alitii. Lakini kumpelekea kuku mmoja maji yake na chakula chake, kisha kusafisha chini ya kitunga, kile kikapu kikubwa, kulimnyima muda wa kucheza. Asubuhi moja, Mama alipokwisha kwenda shambani, alifunua kitunga. Kuku mweupe akakimbilia kwa wenzake. Jioni, kabla Mama hajarudi, Emérita alimkamata na kumrudisha. Akawa anafanya hivyo kila siku.

Baada ya muda, mitetea wawili walikataa kula. Walisimama wamefumba macho, manyoya yamewasimama. Mama Rosalie alichukua simu, wakaketi pamoja kwenye ukuta wa jiko, mahali pekee ambapo rezo ya simu, yaani mtandao, ilishika. Emérita alieleza hali ya kuku. Simu ikauliza: "Je, kuna kuku mgeni aliyechangamana nao siku za karibuni?"

Mama alikuwa akisoma juu ya bega lake. Emérita aliona haya kukiri. Akaandika: "Yuko mmoja, lakini tumemtenga."

Jibu likaja: "Kama ndivyo, huenda ni baridi na unyevu. Wawekee majani makavu. Lakini mimi siwezi kuwaona. Wakizidi kuugua, mwiteni daktari wa mifugo haraka."

"Basi ni hii mvua," Mama alisema, akashusha pumzi.

Jumamosi asubuhi Emérita alipofungua banda, mitetea wale wawili walikuwa wamekufa. Chini kulikuwa na kinyesi cha kijani. Kuku mweupe, chini ya kitunga chake, alikuwa amepinda shingo na hawezi kusimama. Kabla Emérita hajaita mtu, alisikia sauti uani. Jirani yao, Papa Munyakazi, alikuwa amekuja kuazima jogoo, na Mama alikwisha kumshika amkabidhi.

Emérita aliona wazi kitakachotokea. Jogoo yule angepeleka ugonjwa kwa Papa Munyakazi, na kutoka huko ungeenea kilima kizima.

"Papa Munyakazi, usimuchukue!" alipaza sauti.

"Sababu gani, mutoto wangu? Naona jogoo iko muzima."

"Kuku zetu zinakufa. Ni mimi. Yule mweupe nilikuwa namufungulia kila siku, Mama akiwa shambani. Hata simu niliidanganya."

Mama Rosalie alimvuta jogoo kifuani. Kisha akamrudisha bandani na kumpa Emérita simu.

"Iandikie sasa, mbele yetu. Usifiche kitu."

Emérita aliandika yote. Simu ikajibu kwamba dalili hizo zilifanana na kideri, ugonjwa unaoua kuku haraka na kuenea kwa kasi. Kuku yeyote asitoke uani, asiuzwe wala kuliwa. Waliokufa wafukiwe kwa kina. Chanjo haiponyi walioambukizwa, lakini huenda ikawakinga kuku wazima wa majirani ikiwahi. Daktari wa mifugo aitwe leo leo ahakikishe.

Mama alimpigia Daktari Grégoire, mtaalamu wa mifugo wa Kitshanga. Wakati huohuo Emérita alinawa kwa sabuni, akabadili nguo, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila mlangoni alisema yaleyale bila kujitetea. Mama mmoja alimcheka: "Ni wewe njo daktari wa kuku?" Emérita akasema, "Ni mimi, Mama. Tafadhali funga kuku zako." Akaenda mlango uliofuata.

Daktari Grégoire alifika kwa pikipiki. Alipowatazama kuku wa Emérita, alitikisa kichwa. "Iko kideri. Hapa kwenu tumechelewa." Kisha akapanda kilima na sanduku lake la chanjo, akitia tone moja katika jicho la kila kuku mzima.

Kuku wa Emérita walikufa wote, hata jogoo. Alilia, lakini hakuacha kazi. Yeye na Mama walichimba shimo refu, wakachoma majani ya bandani, wakasugua kila ubao. Banda likakaa tupu kwa wiki nyingi. Lakini kwa Papa Munyakazi, na kwa majirani wengine kilimani, hakufa hata kuku mmoja.

Mvua zilipopungua, Papa Munyakazi aliwaletea mitetea wawili waliochanjwa. Emérita alipokea kwa mikono miwili, lakini alisita kuchukua simu.

"Labda nisiiulize tena, Mama."

"Uiulize," Mama Rosalie alisema. "Ilikujibu kufuatana na yale uliyoiambia. Simu, daktari, hata mimi mama yako, hakuna anayeweza kukusaidia ukimuficha ukweli. Siku ile uliposema mbele ya Papa Munyakazi uliona haya, lakini kilima kizima kilipona. Usingoje tena kuku zife kwanza, njo useme."

Emérita aliketi kwenye ukuta wa jiko, akaanza kuandika: "Tulikuwa na kuku wengi. Walikufa kwa kideri kwa sababu sikumtenga kuku mgeni. Sasa tuna mitetea wawili. Nianzie wapi?"