Maji ya Chumvi Milimani

Siku ya Jumapili pale soko la Kibuye hakuna anayetembea; watu wanasukumana tu. Katikati ya msukumano huo alisimama Metrine, gauni lake la njano limeshika vumbi, amekumbatia sanduku la kioo alilolinunua muda si mrefu. Alikuwa ameulizwa bei ya mandazi mara tatu.

"Dada, sambusa ziko?" sauti ya nne ikauliza.

Aligeuka kwa hasira, lakini hasira yenyewe iliishia njiani. Mwanamume aliyesimama pale alikuwa mrefu, shati la buluu limenyooshwa mpaka mikono, na macho yake yalianza kucheka kabla ya mdomo.

"Hii si ya sambusa. Ni ya samaki."

"Wa kukaanga?"

"Wa kuangalia! Samaki wa bahari."

"Wee! Kisumu hii, na ziwa lote hili, wewe unatafuta maji ya chumvi?"

"Si lazima kila mtu apende ngege wa ziwani," Metrine akamjibu.

Aliitwa Wasike, na kazi yake ilikuwa kupima maji katika maabara ya kiwanda cha minofu ya samaki. Alibeba sanduku mpaka kwenye tuktuk, akaomba namba ya simu, akapewa. Metrine, ambaye kutwa hupima macho ya watu katika duka la miwani, hakuona hatari yoyote.

Aliwahi kufanya kazi Kilifi miaka miwili, akayaona matumbawe maji yalipokupwa, na tangu siku hiyo alitaka kipande cha bahari nyumbani kwake. Nyumbani kwake kulikuwa vyumba viwili nyuma ya boma kubwa mtaani Milimani, alikoishi na mdogo wake Lornah. Wasike akaja kusaidia. Wakatandaza mchanga, wakachanganya chumvi, wakapanga mawe ya matumbawe yaliyoletwa kutoka pwani.

"Sasa tunangoja," Wasike akasema. "Maji mapya yana sumu. Kuna vijidudu kwenye haya mawe, vikizaana vitaimaliza. Wiki tano, sita hivi, ndio uweke samaki."

"Wiki sita natazama mawe?"

"Utanitazama mimi."

Akamtazama kweli. Kila Jumatano na Jumamosi Wasike alifika na karanga mfukoni na jerikeni mkononi, akaongeza maji yaliyopungua, akachota kidogo kwenye kichupa, akadondoshea dawa na kukiinua dirishani. "Bado kidogo, malkia," alisema, kisha chai ikamiminwa. Siku nyingine ilikuwa zamu ya simu.

"Mawe yetu yameamkaje?"

"Yanakusalimia."

"Na mwenye mawe?"

"Amenuna. Hujampigia tangu asubuhi."

"Aki Metrine, si ndio saa tatu saa hii!"

Neno hilo "bado" Metrine alikuwa na sababu ya kulichukia. Robinson, mchumba wake wa zamani, alimwambia "bado kidogo" miaka minne, halafu akaoa mwingine. Lakini hii ya Wasike ilikuwa bado ya maji tu, na Metrine aliipokea kwa moyo mweupe.

Wiki ya nane Wasike alisahau daftari lake kwenye kochi. Lornah akalifungua.

"Dada, njoo uone. Sumu: sifuri. Sumu: sifuri. Tangu wiki ya tano!"

Ndivyo walivyo watu wa maabara. Mdomo wa Wasike uliweza kudanganya, ila mkono wake haukukubali kuandika uongo.

Metrine alipiga simu akiwa amesimama. "Wasike, maji yalikuwa tayari lini?"

"Metrine..."

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Niliogopa. Samaki wakishaingia, mimi ningekuja kwako kufanya nini?"

"Ungesema unanipenda! Hiyo ni kazi ngumu?" Alikuwa analia, na alichukia kwamba analia. "Mwanamume mmoja ameningojesha miaka minne kwa neno hilo hilo. Usikanyage hapa tena."

Zikapita siku kumi na sita. Joto lilikuwa kali na maji yalipungua kila siku, kwa hiyo kila asubuhi Metrine alichanganya chumvi kama pakiti inavyosema, akaongeza, akajipongeza. Kisha akaagiza samaki wawili kutoka Mombasa. Lornah, aliyekuwa amezikosa karanga, akampigia Wasike kwa siri.

"Shemeji, samaki wanafika Jumamosi."

"Na maji nani anaongeza?"

"Si yeye mwenyewe! Anachanganya chumvi vizuri. Amemaliza karibu jerikeni nzima."

Wasike alishika kichwa. Joto huondoa maji peke yake, chumvi inabaki palepale. Yeye siku zote aliongeza maji yasiyo na chumvi, na hakuwahi kumweleza. Akampigia Metrine, na Metrine akapokea kwa sababu vidole vilimshinda.

"Usiwaweke samaki. Maji bado."

"Bado tena? Huna neno lingine wewe?" Akakata.

Jumamosi asubuhi samaki walifika wakiwa hai kwenye mfuko, rangi ya chungwa, mistari myeupe. Nusu saa baadaye Wasike alikuwa kwenye geti na boksi mkononi. Hakuomba kuingia.

"Sijaja kukuambia kitu. Hiki ni cha kupima chumvi. Weka tone hapa, chungulia kwenye mwanga, utaona namba. Thelathini na tano ndiyo bahari. Na vile vichupa vya sumu viko ndani, vyote ni vyako. Usingoje mtu akusomee tena."

"Na wewe?"

"Mimi nilikudanganya. Ulikuwa na haki ya kunifukuza."

Akaliweka boksi chini, akaondoka. Metrine alirudi ndani akiomba Wasike awe amedanganya tena, maana mwongo ni rahisi kumsahau. Akaweka tone, akachungulia. Arobaini na nne. Akafuta kioo, akarudia. Arobaini na nne. Alikimbia barabarani bila viatu.

"Wasike! Ni arobaini na nne! Watakufa?"

"Wameingia?"

"Wako kwenye mfuko."

"Basi hawafi. Una maji ya kuchuja, yasiyo na chumvi?"

Walipiga magoti wakitoa maji ya chumvi na kumimina yale matamu polepole. Metrine alipima, na Wasike hakutaja namba hata moja. Ilipofika thelathini na tano wakawazoesha samaki maji yale kidogo kidogo, wakawaachia. Samaki wakajificha nyuma ya jiwe, kisha wakatoka, na Lornah akapiga vigelegele.

"Haya," Wasike akasema akijipangusa mikono, "kazi yangu imeisha."

"Imeisha," Metrine akakubali. "Kwa maji sina haja nawe tena. Lakini nakupenda, na nimechoka kungoja. Jumapili ijayo mama anakuja kutoka Kimilili. Uje."

"Nije na nini?"

"Na wazee wako."

Wasike alikaa sakafuni, suruali ikalowa, akatoa simu hapo hapo.

"Baba, habari ya huko? Jumapili ijayo una shughuli?"