Anunue Mtu Asiyenipenda

Shule zilikuwa zinafunguliwa, na duka la vitabu lilijaa wazazi wakigombea madaftari. Katikati yao akapita msusi mmoja, gauni la njano limemkaa sawasawa, boksi kichwani. Akalitua kaunta, pu!

"Riwaya yangu. Nimeiandika na kuichapisha mwenyewe."

Muuzaji, kijana mrefu mwenye shati lililonyooka kwa pasi, alimtazama yeye kabla ya boksi. "Bosi hapokei vya kujichapishia, dada. Anasema havinunuliki."

"Amekisoma?"

"Hapana."

"Sasa amejuaje?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana akaenda kumbembeleza bosi, akarudi na ruhusa ya nakala kumi kwa mali kauli: vikiuzwa alipwe, vikidoda avichukue mwisho wa mwezi. Akaomba na namba ya simu, huku akitabasamu kuliko biashara inavyotaka.

Simu zikaanza. "Mwandishi wangu, umekula?"

"Nimekula. Vimeuzwa?"

"Wewe huna mapenzi, una biashara!"

"Ninavyo vyote viwili. Jibu swali."

Mwezi haujaisha, rafu ikawa tupu na bosi akataka vingine. Msusi alitamba saluni nzima. Hata mama yake, aliyekuwa akimwambia anapoteza muda, alinyamaza.

Jumapili moja alimtembelea yule muuzaji, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake. Akainama kutafuta kandambili chini ya kitanda, akakuta riwaya zake, zote kumi, zingali ndani ya nailoni.

"Nilitaka wakuamini, laazizi," kijana alisema, jasho likimtoka. "Nilivinunua kwa mapenzi."

"Umesoma hata kimoja?"

Kijana akaanza kuvipanga upya.

"Bosi wako alinikataa bila kunisoma. Wewe umenikubali bila kunisoma. Mna tofauti gani?" Akachukua mkoba wake, akatoka. Iliuma, na alilia njia nzima bila kujificha.

Hakupokea simu zake tena, mpaka mchana mmoja simu ilipoita mikono yake ikiwa imezama kwenye nywele za mteja. Mteja akaipokea bila kuulizwa, akaiweka spika.

"Yule dada mtu kwenye riwaya yako umemwonea," ilisema sauti ya kijana. "Kosa lilikuwa la mume. Na kwa nini mke anamsamehe? Imenikera sana!"

"Kwa sababu alirudi na ukweli," msusi alijibu kabla hajakumbuka kununa.

"Basi na mimi nimerudi nao. Nimekiri kwa bosi na nimevirudisha vyote, viko dirishani. Alitaka kuvitupa nje. Nikamwambia asome kwanza sura moja. Sasa yuko sura ya nne, na amenifukuza ofisini nisimsumbue. Mpenzi, nikuoe?"

"Kwanza kinunuliwe na mtu asiyenipenda."

"Niwekeeni changu," mteja akadakia. "Huyu amenivuta nywele tangu asubuhi, simpendi hata kidogo!"

Msusi akacheka mpaka kitana kikamponyoka. "Umesikia? Andika kimoja kimeuzwa. Halafu uje kwa mama, na shati lako lile."