Baghala Wanne wa Corliss

"Unasukuma, Garth."

"Sisukumi."

"Unasukuma bwana, naona msumeno unavyopinda. Kazi yako ni kuvuta. Ukishavuta, niachie nami nivute. Miaka mitatu nakufundisha jambo hilohilo!"

"Labda mwalimu ndiye mbovu."

Corliss Boedecker alicheka bila kutaka. Walikuwa wamepiga magoti pande mbili za mti ulioanguka katikati ya njia, mnene kama pipa, kila mmoja kashika mpini wake wa msumeno mrefu. Katika milima ile ya Montana mashine haziruhusiwi. Mti ukilala njiani, hukatwa kwa mikono ya watu wawili, na klabu yao ya wapanda farasi wa kujitolea ilikuwa imeshakata thelathini na saba tangu Jumatatu. Mshahara wao ulikuwa malengelenge, mbu, na mapishi ya Mama Verna.

Gogo likakatika, likabingirika mteremkoni kwa kishindo. Garth Nyquist akavua kofia, akajifuta jasho, kisha akalitoa lile neno alilokuwa amelimeza tangu asubuhi.

"Kesho alfajiri naondoka."

"Kambi inavunjwa Jumapili."

"Najua. Wyoming wananitaka Jumatatu saa moja asubuhi. Ranchi ni kubwa, Corliss. Farasi mia mbili. Na nyumba wananipa."

Corliss akachukua kitambaa cha mafuta, akaanza kuufuta msumeno, jino moja baada ya jingine.

"Hongera."

"Hongera tu?"

"Ulitaka nikupigie vigelegele?"

"Nilitaka jibu. Februari nilikuuliza jikoni kwako kama utakubali tuoane, ukasema utafikiri. Leo ni Julai. Hata serikali hujibu barua mapema zaidi."

Corliss akaendelea kufuta jino lilelile.

"Niambie neno moja nibaki," Garth akasema, sauti imeshuka. "Moja tu, nami sitakuuliza kwa nini."

"Mimi simzuii mtu, Garth. Unalijua hilo."

Alilijua. Bonde zima lililijua. Mume wake wa kwanza alipotaka kuondoka, Corliss alimwomba abaki, akalia hadi sauti ikakauka. Akabaki kweli. Akabaki miaka minne, kanuna kila mlo, kisha akaondoka vilevile. Siku ile Corliss aliapa: hatamwomba tena mwanamume yeyote abaki, hata awe nani.

"Basi kesho usijisumbue kuamka kuniaga," Garth akasema.

"Nani kakwambia ningeamka?"

*

Alfajiri Garth alimtandika Tansy, farasi wake jike mwekundu, mikono ikifanya kazi huku moyo ukiwa kwingine. Aliyekuwa macho kambini ni Mama Verna peke yake, mpishi wa klabu, miaka sabini na mmoja, anakoroga kahawa kama aliyegombana nayo.

"Umeshamuaga?"

"Amelala."

"Amelala! Hilo hema lake limetikisika usiku kucha utadhani dubu kaingia. Huyo hajalala, mwanangu, huyo anapigana na mto wa kulalia."

"Mama Verna, niache niende."

"Nani kakushika? Nenda. Ila hawa baghala vipi? Tansy akiondoka si watapasua koo?"

"Nimewakagua mwenyewe. Mafundo yote yamekaza."

Lilikuwa swali la maana. Baghala wanne wa Corliss, mseto wa punda na farasi, ndio waliobeba jiko, mahema na misumeno. Farasi wengine wote kambini walikuwa madume waliohasiwa. Tansy ndiye jike pekee. Na baghala, ambaye mama yake ni farasi, akishampenda jike atamfuata popote, mtoni na motoni. Ndiyo maana jike akiondoka kambini, mtu mwenye akili hukagua kamba mara mbili.

Garth akapanda, akaondoka. Alipovuka kilele cha kwanza aliwasikia baghala wakilia nyuma yake, kilio kirefu cha kukwaruza. Hakugeuka. Alijua akigeuka tu, safari imekwisha.

*

Saa nne asubuhi alifika chini, maili kumi na moja, kwenye uwanja alipokuwa ameegesha gari na trela la farasi. Akamvua Tansy tandiko. Simu ikanasa mtandao, ikalia mfukoni. Ujumbe kutoka Wyoming:

"Nyquist, nyumba yako imeshafagiliwa. Jumatatu usichelewe."

Akausoma mara mbili. Alitafuta furaha kifuani mwake, hakuiona.

Ndipo aliposikia kwato. Kutoka kwenye kona ya misonobari wakatokea baghala wanne, mmoja nyuma ya mwingine, kwa adabu kama watoto wa shule. Mbele alikuwa Deacon, mkubwa wao, masikio yamesimama. Wakampita Garth kana kwamba ni nguzo, wakaenda moja kwa moja kwa Tansy, wakamwekea pua shingoni.

"Nyie! Mmetoka wapi nyie?"

Simu ikalia tena. Ujumbe wa Mama Verna, kwa kidude cha setilaiti cha klabu:

"Baghala wanne wametoroka. Umewaona?"

Garth akaandika: "Wako hapa. Wananiangalia kama nimewaibia mama yao."

"Warudishe. Jiko lote liko huku na hatuna wa kulibeba."

"Corliss anasemaje?"

Jibu likakawia. Kisha: "Anasema baghala ni wake, anashuka kuwafuata. Nimemfichia buti moja."

Garth akaangua kicheko, peke yake kule uwanjani. Akamsogelea Deacon amshike kamba, na hapo kicheko kikamkauka mdomoni.

Baghala aliyekata kamba hufika anaburuta kipande. Aliyefungua fundo kwa meno hufika anaburuta kamba nzima, tena imejaa matope, maana ameikanyaga njia yote. Hawa hawakuburuta chochote. Kila mmoja kamba yake ilikuwa imezungushwa shingoni mara tatu, ncha imechomekwa ndani, asije akajikwaa akavunjika mguu. Hiyo haikuwa kazi ya meno. Ilikuwa kazi ya mikono, na Garth aliijua mikono ile. Alikuwa ameitazama kwa miaka mitatu ikichomeka ncha za kamba namna hiyohiyo.

Hawakutoroka. Walitumwa.

"Mwanamke huyu," akamwambia Deacon. "Mwanamke huyu ataniua."

Angeweza kuwafunga pale, akamsubiri mtu wa klabu aje kuwachukua. Wyoming ilikuwa safari ya saa tisa. Alisimama akimkuna Deacon sikio kwa muda mrefu. Kisha akalichukua tandiko, akamrudishia Tansy mgongoni.

*

Saa kumi alipoingia kambini, wanaklabu walipiga makofi na miluzi. Corliss alisimama mbele ya hema lake, mguu mmoja buti, mwingine kandambili.

"Umewaleta," akasema.

"Wamenileta."

"Asante. Jua bado lipo, unaweza kuwahi."

"Tansy katembea maili ishirini na mbili leo. Unataka afie njiani?"

"Basi alale. Sijasema wewe ulale."

Garth akamkaribia, akapunguza sauti isisikike na mwingine.

"Kamba zilikuwa zimezungushwa vizuri sana shingoni."

Uso wa Corliss ukaiva hadi masikioni. "Sijui unazungumzia nini."

"Hujui?"

"Sijui. Na nipishe nikawapelekee maji."

Kabla ya chakula cha jioni, Mzee Orrin Teague, katibu wa klabu, akagonga sufuria kwa mwiko. Watu wanane wakanyamaza. Kila mmoja alijua kinachofuata, maana klabu ile ilikuwa na desturi moja isiyo na mjadala: mnyama akitoroka kambini, hakuna anayekula mpaka mhusika asimame mbele ya wote aseme ilikuwaje. Adhabu yake ni kuosha vyombo vya kambi hadi mwisho wa msimu. Lakini anayedanganya kuhusu fundo hapandi tena na klabu, kwa sababu milimani fundo la uongo huua mtu.

"Haya," Mzee Orrin akafungua daftari. "Baghala wanne. Nani atatueleza?"

Corliss alikuwa anatazama kandambili yake. Garth akasimama.

"Kosa ni langu. Niliwakagua kabla hakujapambazuka vizuri. Sikukaza."

"Wewe? Wewe hukukaza mafundo?" Mzee Orrin akashusha miwani. "Yote manne?"

"Yote manne."

"Unajua unachosema, Garth? Unaijua sheria?"

"Naijua. Mimi naondoka hata hivyo, mzee. Niandikie mimi, watu wale."

"Mwongo."

Corliss alikuwa amesimama.

"Kaa, Corliss," Garth akanong'ona.

"Sikai. Mafundo yalikuwa mazima, mzee. Niliyafungua mimi. Moja baada ya jingine, nikawazungushia kamba shingoni wasijikwae, nikamwambia Deacon sikioni: mfuate."

Mtu mmoja aliyekuwa anaiba kipande cha mkate akasahau kukitafuna. Mzee Orrin akabaki na kalamu hewani.

"Kwa nini, binti? Niandike nini hapa?"

"Andika kwamba niliapa sitamwomba mwanamume abaki, na sijamwomba. Nimetuma baghala."

Kambi nzima ikalipuka kwa kicheko. Corliss mwenyewe hakucheka.

"Andika pia kwamba ni kosa kubwa. Wangeweza kuvunjika miguu, nanyi mngelibeba jiko mgongoni maili kumi na moja. Nawaomba radhi nyote."

Kisha akamgeukia Garth, na watu wakaacha kucheka.

"Mama Verna alinikalisha leo mchana kutwa na buti moja, sina pa kwenda, nikafikiri kwa lazima. Miezi mitano nilidhani majibu ni mawili tu: nikuombe ubaki, au nikuache uende. Nikikuomba, naogopa utabaki umeninunia. Nikikuacha..." Akawatazama baghala. "Kumbe lipo la tatu, na sijawahi hata kulitazama. Deacon hakumwambia Tansy abaki. Alimfuata tu. Nenda Wyoming, Garth. Mimi nakuja nawe."

"Yesu wangu," Mama Verna akapiga mapaja. "Leo mwanamke ndiye anayeposa!"

Garth akamsogelea hatua moja.

"Na nyumba yako? Na hizi njia?"

"Wyoming miti haianguki?"

"Corliss."

"Nini?"

"Mimi pia nina uongo wa kukiri. Mzee, andika." Akavuta pumzi. "Wyoming siitaki. Sijawahi kuitaka. Niliomba kazi ile ili uogope, uniambie baki. Bahati mbaya wakanipa."

"Garth Nyquist!"

"Ningefanyaje? Nikazidi kujifanya naitaka, na wewe ukazidi kunipa hongera. Leo nimesoma ujumbe kwamba nyumba imeshafagiliwa, nikajiona kama mtu aliyesomewa hukumu. Nabaki. Si kwamba umeniomba, maana hujaniomba. Nabaki kwa sababu ndiko ninakotaka kuwa, hapa, ulipo."

Corliss akamtazama kama mtu anayepima barafu kabla ya kuikanyaga.

"Hutaninunia?" akauliza, polepole.

"Nitanuna. Siku ukipika wewe nitanuna sana. Lakini mimi nikinuna nasema kwa nini, kisha naomba chumvi."

Corliss akacheka, machozi yakamwahi.

"Basi lile jibu la Februari ni ndiyo."

"Niandike?" Mzee Orrin akauliza.

"Andika, mzee! Andika kwa wino!" Mama Verna akapayuka.

Walipokumbatiana, kandambili ikamtoka Corliss mguuni na hakuna aliyejali. Watu wakapiga miluzi hadi farasi wakashtuka. Lakini Mzee Orrin hakukaa. Alisubiri kelele zitulie, akafunga daftari juu ya kidole chake.

"Bado tuna neno. Garth kasimama hapa kadanganya kuhusu fundo. Nilipoteza rafiki kwa fundo la uongo, siwezi kulipita tu. Wanaotaka aondoke klabuni, wainue mikono."

Furaha ikakatika ghafla. Garth akasimama wima, kofia mkononi. Corliss akamshika kiwiko.

Hakuna mkono ulioinuka. Mzee Orrin akamtazama kila mmoja usoni, taratibu, akafika hadi kwa Garth.

"Mara ya pili sitauliza."

"Hakutakuwa na ya pili, mzee."

"Basi kaeni mle, maharagwe yanapoa."

Baada ya kula, jua la Julai likiwa bado juu ya miti, Mama Verna akawatupia beseni la maji moto, sabuni, na rundo la masufuria ya chuma yaliyoungua chini.

"Mmoja kafungua, mwingine kadanganya. Hivi ni vyenu hadi theluji ianguke."

"Mama Verna, ndiyo kwanza tumechumbiana!"

"Hongereni. Anzeni na lile la maharagwe."

Wakakunja mikono ya mashati, wakainama pamoja juu ya beseni. Corliss akaanza na lile la maharagwe.

"Garth."

"Naam."

"Ungenidanganyia mpaka lini pale?"

"Mpaka usimame."

"Na nisingesimama?"

"Ningeyaosha haya peke yangu. Hadi theluji ianguke."

Corliss akamvuta kwa kola, mikono ikiwa na povu hadi kwenye viwiko, akambusu taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Nyie wawili!" sauti ya Mama Verna ikafika kutoka jikoni. "Mbona sisikii masufuria?"