Vigaga Usoni mwa Kuku wa Marcella

Kila asubuhi Roseline huwafungulia kuku banda kabla ya kuwasha moto. Huwamwagia mtama kidogo uani, kisha husimama akawatazama wakila. Boma lake liko karibu na soko la Ndhiwa. Mume wake, Nicanor, huendesha bodaboda, kwa hiyo kazi ya kuku ni ya Roseline, Mama Bravin kama majirani wanavyomwita.

Kuku mmoja kati ya hao si wake. Ni kuku mwekundu wa jirani yake Marcella, mjane. Kuku wa Marcella walikufa kwa kideri, akabaki huyo mmoja tu. Alimleta kwa Roseline kwa sababu Roseline ana jogoo. Walikubaliana kama majirani wengi wa huko wanavyofanya: Roseline amtunze, na vifaranga wakikua wagawane nusu kwa nusu. Makubaliano hayo yana sharti. Mnyama wa mwenzako akifia kwako, unamwonyesha mzoga. Usipomwonyesha, watu watasema umemla.

Kuku mwekundu aliangua vizuri. Kisha mvua ikanyesha sana na mbu wakawa wengi. Asubuhi moja Roseline aliona vipele vya kijivu kwenye upanga wa kuku huyo na kando ya jicho. Alidhani jogoo amemdonoa. Lakini vipele viliongezeka, vikawa vigaga vyeusi, na jicho moja likafumba. Kuku alidonoa chini bila kupata punje.

Roseline aliogopa. Marcella alikuwa amekwenda Magunga kumuuguza dada yake. Angemwambia nini akirudi? Nicanor alisema mama yake alikuwa akitibu vidonda vya kuku kwa oili chafu ya injini. Basi Roseline akabandua vigaga kwa wembe mpaka damu ikatoka, akapaka oili kwa kitambaa. Kisha, ili kuwakinga wengine, akapitisha kitambaa kile kile usoni mwa kila kuku na kila kifaranga.

Baada ya muda vifaranga kadhaa wa kuku mwekundu walitoka vipele. Mmoja akafa, kisha mwingine. Roseline hakuwazika. Aliwafunika kwa karai kando ya banda, amngojee Marcella.

Hapo Nicanor alimleta Bhoke, afisa wa mifugo. Kwao Bhoke ni Ntimaru, kwa Wakuria, naye hajui Kijaluo, kwa hiyo huzungumza Kiswahili na wakulima wa Ndhiwa, nao humwita daktari. Alinawa mikono, akamshika kuku mwekundu na kumtazama uso kwa makini. Kisha akamfungua mdomo.

"Unatafuta nini mdomoni, daktari?" Roseline aliuliza.

"Utando wa manjano. Ukifika kooni, kuku hukosa hewa. Huyu hana. Hii ni ndui ya kuku."

Alieleza namna ya kuitambua. Kidonda cha kudonoana hukauka na kupona, hakienei. Viroboto nao hujazana kando ya macho, lakini ukitazama karibu unaona wadudu. Ndui ni vipele vya ngozi yenyewe, vinavyogeuka vigaga mahali pasipo na manyoya. Haiwapati watu.

"Imetoka wapi?"

"Mbu huileta. Akimuuma kuku mgonjwa, huwapelekea wengine virusi. Virusi huingia pia kwenye mkwaruzo. Kigaga kimejaa virusi, Mama Bravin. Ulikibandua, kitambaa kikavishika, ukawapaka wazima."

Roseline akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyewaua."

"Mbu alianza. Wewe ulieneza," Bhoke alisema. "Sasa tuwatazame walio hai."

Hakuna dawa inayoua virusi vya ndui, alisema. Mwili wa kuku ndio unaoshinda, na huchukua wiki kadhaa. Kazi ya mfugaji ni kumsaidia asife kwa njaa, kiu au uchafu wa vidonda. Aliwafanya Roseline na Nicanor watenge wagonjwa wote. Akafuta oili kwa maji ya sabuni, akiepuka macho. Kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo alilowesha lile jicho mpaka kope zikaachana, akatia dawa ya macho kwa sababu lilikuwa na usaha. Vidonda vingine alivipaka iodini. Vigaga hakuvigusa. Alitaka wagonjwa wapewe uji mzito wenye dagaa wa omena waliosagwa, na maji karibu na mdomo.

Kuku wasio na vipele aliwachanja kwenye ngozi nyembamba ya bawa. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku wengi, na kikishafunguliwa hakiwekwi hadi kesho, kwa hiyo Nicanor aliwaita majirani walete kuku wazima, wakachanjiwa mbali na banda.

Ndipo Bhoke alipoliona karai. Aliuliza kilichofunikwa, akaambiwa.

"Wazike leo," alisema.

"Siwezi. Mwenyewe hajawaona."

"Nakuelewa. Kwetu Kuria ng'ombe wa mtu akikufia, unaonyesha ngozi. Lakini virusi hukaa ndani ya vigaga kwa miezi. Ukiwaweka hapa, unawawekea vifaranga wajao ugonjwa."

"Ataniamini vipi?"

"Mpigie simu."

Roseline hakutaka. Alisema habari kama hiyo ikipelekwa kwa simu, ni kama mtu anamkimbia mwenye mali. Mwishowe alipiga. Aliyasema yote, hata ya wembe na kitambaa. Marcella alimsikiliza hadi mwisho.

"Watu watasema umewala, Mama Bravin."

"Watasema, Mama Elvis."

"Mkubwa yuko hai?"

"Yuko hai. Jicho limefumba."

"Zika hao. Mwangalie huyo."

Waliwazika kwa kina, wakachoma kitambaa na takataka za banda. Nicanor alimwaga maji yaliyotuama kwenye matairi ya zamani, mbu wanakozaliana. Kila siku Roseline alisafisha lile jicho, akinawa kabla na baada.

Vifaranga wengine wawili walikufa. Kisha vifo vikakoma. Vigaga vilianguka vyenyewe, na ngozi chini yake ilikuwa safi.

Marcella aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye banda. Alimpakata kuku wake na kupitisha kidole mbele ya jicho lile. Kuku aligeuza kichwa kukifuata. Marcella hakuomba kuonyeshwa kaburi la vifaranga. Waligawana waliobaki, nusu kwa nusu, akawatia wake kwenye tenga. Kisha akamweka kuku mwekundu chini, katika ua wa Roseline.

"Huyu abaki kwako," alisema. "Vifaranga tutagawana kama zamani. Na gharama ya chanjo tugawane pia. Akifa mmoja, niambie tu, kisha zika."